Maswali ya Wasomaji: "Niache, Nitafanya Mwenyewe!"

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu watoto walioanza darasa la kwanza. Mtoto aliyekuwa akivishwa na kulishwa miezi michache iliyopita sasa anausukuma mkono wa mama, anataka afanye kila kitu peke yake, kisha jioni analilia kubebwa. Barua zinazofanana tumezijibu kwa pamoja, na ndefu tumezifupisha.

Kiatu kimoja, dakika 10

*Dada mhariri, binti yangu ana miaka 6. Tangu aanze shule hataki nimguse asubuhi. Atavaa mwenyewe, atafunga kamba za viatu mwenyewe. Kiatu kimoja kinamla dakika 10. Mwisho namnyang'anya nafunga mimi, naye analia njia nzima. Nimwache achelewe?* — Mama Mwenye Haraka

Usimwache achelewe, dada, na usimnyang'anye pia. Hapo mambo mawili yamegongana: anajifunza ufundi mpya, na saa inakimbia. Yatenganishe. Asubuhi ni wakati wa kutumia anachokiweza tayari. Kujifunza kuwe alasiri au siku ya mapumziko, wakati hakuna anayengojewa popote. Kwa sasa mtafutie viatu vya mkanda wa kunata, au mkubaliane usiku uliotangulia: "Siku za shule mimi nafunga, wewe unakaza." Akikubali jioni huwa hagombi sana asubuhi. Ukimwambia palepale mlangoni, atagomba.

Watoto wengi huweza kufunga kamba kati ya miaka 5 na 7, kwa hiyo binti yako hajachelewa. Mfundishe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Fanya hatua zote wewe, umwachie ile ya mwisho tu, ya kuvuta vitanzi viwili vikaze. Akiifanya mara tatu mfululizo bila kukutazama usoni, mwachie na hatua iliyo kabla yake, na hivyo hivyo mpaka amefika mwanzo. Tunasisitiza mpangilio huu kwa sababu mtoto anayeanzia mwanzo hufanya sehemu rahisi, akakwama katikati, ukamalizia wewe. Anachojifunza hapo ni kwamba mama ndiye mmaliziaji. Anayeanzia mwisho kila mara anamaliza kwa mkono wake.

Kaa ubavuni mwake au nyuma yake, usikae mbele, maana ukikaa mbele ataiona mikono yako imegeuka kushoto kulia. Kiatu kiwe mezani, ncha ikielekea mbele kama kinavyokuwa mguuni. Tumia kamba bapa za pamba. Zile za mviringo zenye kuteleza hufumuka zenyewe na mtoto atadhani kosa ni lake. Zikiwa za rangi mbili tofauti, ni rahisi kumwambia ipi ipite wapi. Kwa kuanzia, njia ya vitanzi viwili ni nyepesi kuliko ile ya kuzungusha kamba: fundo la kwanza, kitanzi kila upande, vikatane, kimoja kipite chini ya kingine, vuta.

Makosa yako ya aina tatu. Kitanzi kikianguka, basi ni kirefu mno au mtoto amekishika juu. Kiwe na urefu wa kidole chake tu na akibane shinani. Fundo la kwanza likilegea kabla hajatengeneza vitanzi, apitishe kamba mara mbili badala ya moja, litatulia. Na kama vitanzi vinalala kutoka kisigino kuelekea vidole badala ya kulala kushoto na kulia, fundo litafunguka kabla ya mapumziko: amekatisha kamba upande uleule mara zote mbili. Abadilishe upande katika fundo la kwanza, basi.

Nguo nazo zina njia zake. Vifungo vya shati aanze cha chini, anakiona vizuri na pande mbili zinalingana. Cha shingoni kifunge wewe, kwa kuwa hakioni hata akikaza macho. Fulana iwekwe kitandani kifua kikitazama chini, pindo likiwa upande wake. Akiingiza mikono na kichwa, itakaa sawa. Zipu yenye kishikio kidogo ifungie kipande cha uzi mnene.

Halafu muda. Pima dakika anazotumia kweli kuvaa, wala si zile unazotamani atumie. Ongeza 10, hesabu kurudi nyuma kuanzia saa ya kutoka, upate saa ya kuamka. Mara nyingi jibu huwa ni kwamba usingizi uanze mapema zaidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 12 asubuhi awe ameshalala saa 3 usiku kwa kuchelewa sana, na saa 2 ni bora. Tunasema awe ameshalala. Kama ndiyo kwanza anatafuta nguo ya kulalia, saa 3 imeshampita.

Malaika shuleni, moto nyumbani

*Mwalimu anamsifu mwanangu kwa utulivu. Akifika nyumbani anatupa begi, anamsukuma mdogo wake, analia kwa sababu kikombe si kile alichokitaka. Na huyu anayejidai amekua, jioni anataka nimlishe. Je, anatuigizia?* — Mama wa Wawili

Haigizi. Kutwa nzima amekaa kwenye foleni, amenyoosha mkono na hakuchaguliwa, amenyamaza alipotaka kusema, amevumilia kelele za darasa zima. Kujizuia ni kazi, na mtoto wa miaka 6 hana akiba kubwa ya kujizuia. Ikiisha, inaishia mbele ya mtu ambaye ana hakika hatamkimbia. Mara nyingi kuna sababu za mwili pia: ana njaa, ana kiu, au amebana mkojo tangu asubuhi.

Kwa hiyo nusu saa ya kwanza isiwe ya maswali. Fuata mpangilio huu na usiugeuze: choo, maji, chakula chepesi, kuvua sare, kisha mchezo wa kutumia mwili, kukimbia au kuruka. Mdogo wake awe mbali naye kidogo kwa muda huo, hata kama ni kwa kumpa kazi upande wa pili wa chumba. Yakizuka, sema maneno machache: "Umechoka. Kumsukuma mwenzio siruhusu. Njoo ukae hapa." Mhadhara uache hadi atulie, mtoto anayelia kwa namna hiyo hasikii sentensi ya pili.

Swali la "Shule ilikuwaje?" hujibiwa "Nzuri," na mazungumzo yakaisha. Uliza kitu chenye umbo, tena baada ya kula au wakati wa kuoga: nani alikaa karibu nawe, nani alilia leo, mlicheza nini mwalimu alipotoka. Wengine husema vizuri zaidi mkiwa mnafanya kazi bega kwa bega kuliko mkitazamana.

Kumlisha jioni moja moja hakutamharibu. Mtoto anayesonga mbele hurudi nyuma kuhakikisha njia bado ipo, akishahakikisha anaondoka tena. Ila mpe kwa kiasi: vijiko vitatu vyako, vilivyobaki vyake.

Homuweki ije baada ya mchezo, si kabla. Kipimo kinachotumiwa na walimu wengi ni dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza 10, la pili 20. Ikifika mara mbili ya muda huo na bado mnavutana, funga daftari, mwandikie mwalimu pale alipokwama na muda aliotumia. Mwalimu akiletewa kazi iliyofanywa na mama hawezi kujua mtoto amekwama wapi.

Uchovu wa namna hii hupungua wiki zinavyopita. Ukizidi, au tumbo likiuma kila asubuhi ya shule na kupona siku za mapumziko, au vitu vyake vinapotea mfululizo, au anarudi na michubuko asiyotaka kuieleza, nenda ukaonane na mwalimu ana kwa ana na uulize waziwazi kuhusu uonevu. Apimwe macho na masikio pia. Mtoto asiyeona ubao haji kukuambia kuwa haoni. Hajui kuwa wenzake wanaona tofauti.

Amesahau daftari: nimpelekee?

*Ndugu wahariri, kila wiki mwanangu anasahau kitu: daftari, sweta, chupa ya maji. Mke wangu anampelekea. Mimi nasema aache mtoto ajifunze. Nani yuko sahihi?* — Baba Darasa la Kwanza

Kaka, tutawagawia nusu kwa nusu. Daftari na rangi asipelekewe. Atamweleza mwalimu mwenyewe, ataona aibu kidogo, na kesho atakumbuka zaidi. Miwani, dawa, maji na chakula apelekewe mara zote, bila maneno. Adhabu ya kusahau isiguse afya yake. Lakini kumwacha ajifunze pasipo kumfundisha namna ya kukumbuka ni kumtegea tu, na hapo mama ana haki ya kulalamika.

Ukimwambia mtoto wa umri huu "vaa, piga mswaki, chukua begi, na chupa usiiache," amebaki na mambo mawili kichwani, labda. Hakaidi. Mpe maagizo mawili kwa wakati, na mengine yaondoe kinywani mwako uyabandike ukutani: karatasi moja yenye picha 5 zilizopangwa kwa mfuatano wa kazi zenyewe, ibandikwe kwenye usawa wa macho yake. Achore mwenyewe, picha aliyoichora ataitazama. Baada ya hapo kazi yako ni swali moja tu: "Umefika picha ya ngapi?" Ukirudia kuyataja yote kwa mdomo, karatasi inakuwa pambo.

Begi lipangwe jioni, kwa mikono yake, wewe ukiwa umekaa. Wiki ya kwanza mpange pamoja. Ya pili apange yeye, wewe uulize "Kesho kuna somo gani?" Ya tatu akuite akimaliza, utazame mara moja. Ukiona kitu kimekosekana, usikitaje. Sema "kuna kimoja bado," akitafute. Likishafungwa liwekwe mahali pamoja tu, karibu na mlango wa kutokea.

Na uzito: begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 20 abebe kilo 2 hadi 3. Apimwe na begi, kisha bila begi, upate tofauti. Vitabu vizito vikae upande wa mgongoni, mikanda yote miwili begani, na kitako cha begi kisining'inie chini ya nyonga. Mkilipekua pamoja mwisho wa wiki mtakuta mawe. Kwa nini huwa ni mawe, hatujui, lakini yana uzito wake.

Ameanza tena kukojoa kitandani

*Mwanangu alikauka kabisa akiwa na miaka 4. Ana miezi miwili darasa la kwanza, na sasa kitanda kinalowa mara mbili tatu kwa wiki. Anajificha kwa aibu. Ndugu wananiambia nimchape.* — Mama Asiyelala

Usimchape, dada, wala usimtangaze mbele ya ndugu. Hakojoi kwa kusudi, amelala. Mabadiliko makubwa kama kuanza shule yanaweza kulirudisha jambo hili kwa mtoto aliyekwisha kukauka, lakini kabla ya kulaumu mawazo yake, chunguza vyoo vya shule. Watoto wengi hawaviingii. Mlango haufungi, kuna giza, hakuna maji, wakubwa wanachungulia, au anaona haya kuomba ruhusa mbele ya darasa. Muulize moja moja, si "Unaenda choo?" bali "Mlango wake unafungwaje?" Jibu la hapo litakueleza mengi.

Anayekwepa choo hufanya mambo mawili: hanywi maji kutwa kisha hunywa mengi jioni, na hubana haja kubwa. Choo kikijazana kikawa kigumu, utumbo hukibana kibofu, na kibofu kilichobanwa hakishiki mkojo usiku kucha. Ndiyo maana unaweza kuhangaika na shuka kumbe tatizo ni tumbo.

Anza hivi. Mwombe mwalimu ampe ruhusa ya kudumu, au ishara ya mkono isiyohitaji maneno. Maji yagawanywe asubuhi, mchana na alasiri. Usimnyime, ila sehemu kubwa iwe imenyweka kabla ya jioni. Baada ya kifungua kinywa akae chooni dakika 5 hadi 10 bila kuharakishwa. Kama ni choo cha kukalia, miguu yake iwe juu ya kigoda, isining'inie. Kabla ya kulala akojoe, asomewe au apigiwe hadithi, akojoe tena. Godoro liwekewe mpira au nailoni chini ya shuka, na shuka la akiba liwe mahali anapolifikia ili abadilishe bila kumwamsha mtu. Kulibadilisha kusiwe adhabu. Ni njia ya kumpunguzia aibu.

Kujisafisha nako kukaguliwe upya, kwa kuwa shuleni hayupo wa kumsaidia. Wasichana wafundishwe kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume chake, kwa ajili ya kuzuia vijidudu vya haja kubwa visifike kwenye njia ya mkojo. Mikono kwa sabuni sekunde 20, na kucha ziwe fupi.

Mpeleke hospitali kama anaumia akikojoa, ana homa, kuna damu, au hali haibadiliki baada ya wiki chache za utaratibu huu. Mpeleke siku hiyohiyo kama anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana na anakonda: hizo ni dalili za kisukari, na kwa watoto hakisubiri.

Anataka kwenda shule peke yake

*Wajukuu zangu wahariri, mjukuu wangu wa miaka 7 anasema wenzake wanakwenda shule peke yao na mimi namtia aibu. Kuna barabara moja ya magari. Nimruhusu?* — Babu Mlezi

Shikamoo, babu. Barabara hiyo asiivuke peke yake bado. Hadi karibu miaka 10 mtoto anahitaji mtu mzima wa kuvuka naye, hata akiwa mwerevu namna gani. Ni mfupi, haoni juu ya magari yaliyoegeshwa na madereva hawamwoni. Hapimi vizuri mwendo wa gari linalokuja. Mawazo yake yanaweza kuruka kwa rafiki aliye ng'ambo mguu ukiwa tayari barabarani. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, na barabara ya upana wa mita 7 mtoto anayetembea huimaliza kwa karibu sekunde 6. Yaani gari lililokuwa mita 80 mbali alipoanza kuvuka linaweza kumkuta hajamaliza. Hesabu hiyo hawezi kuifanya kwa macho.

Unachoweza kumpa ni uongozi. Kuanzia sasa yeye ndiye anakuvusha wewe, mkono ukiwa mkononi. Asimame hatua moja kabla ya ukingo. Atazame kwanza upande yanakotokea magari yaliyo karibu naye, kisha upande wa pili, kisha wa kwanza tena. Akuambie kwa sauti anachokiona: "Pikipiki inakuja, tusubiri." Wewe unakataa tu pale anapokosea. Mvuke kwa kutembea moja kwa moja, bila kukimbia na bila kukata mshazari. Asivukie katikati ya magari yaliyosimama, wala mbele au nyuma ya basi aliloshuka. Basi liondoke kwanza. Chagueni njia yenye kuvuka kuchache, hata kama ni ndefu, na muipite ileile kila siku.

Jambo moja linawahusu watu wazima: usimwite mtoto kutoka ng'ambo. Akikuona anakuona wewe tu, haoni magari. Anayekwenda kumchukua asubiri upande uleule wa geti la shule.

Kwa ajili ya aibu, gawana naye njia. Ukishavuka naye, sehemu isiyo na magari aitembee na wenzake, wewe ukimfuata kwa mbali ukiwa unamwona. Ajue jina lake kamili, jina la mlezi na nambari ya simu. Nambari hukaa kichwani ikikatwa makundi ya tarakimu tatu tatu na kuimbwa, lakini ajizoeze pia kuibonyeza kwenye simu yenyewe. Kuna watoto wanaoiimba vizuri sana na hawajui waanze kubonyeza wapi. Akipotea asimame alipo. Kama lazima aombe msaada, amtafute mtu aliye na watoto au mfanyakazi wa mahali hapo.

Kwa ufupi

*Hataki tena niingie akioga. Ni sawa?* — Mama Mdogo

Ni sawa, na ni vizuri. Yapime maji wewe kwanza, changanya ya baridi kabla ya kuongeza ya moto, kisha kaa nje karibu na mlango usiofungwa kwa komeo. Mwambie pia tofauti ya faragha na siri: mwili wake ni faragha yake, lakini mtu yeyote akimwambia afiche jambo linalohusu kuguswa, hiyo si siri ya kutunza, hata kama mtu huyo ni wa familia.

*Nimpe kazi gani za nyumbani?* — Shangazi

Kukunja nguo zake, kuosha vyombo visivyovunjika, kufagia chumba, kumwagilia mimea, kupanga meza. Ampe kazi mtu mmoja, si watatu, na kazi iwe ileile kwa majuma kadhaa. Usiirudie mbele yake. Ukifagia upya palepale, kesho hatafagia. Moto, maji yanayochemka, dawa na kumlea mtoto mchanga bado si kazi zake.

*Anapiga mswaki mwenyewe. Nimwachie kabisa?* — Baba wa Meno

Mpaka miaka 7 au 8 asimamiwe, na usiku umalizie wewe. Karibu na miaka 6 gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno yote ya utotoni. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, hivyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni, na likioza halina mbadala. Likiwa linachomoza huwa fupi kuliko majirani zake, mswaki ukapita juu bila kuligusa. Mwambie afungue mdomo nusu, uingize mswaki kwa upande wa shavu, usugue ukikatisha mstari wa meno. Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, dakika 2, asubuhi na usiku. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi.